Simu ya Bulonza

Siku Byamungu alipomwona mama mkwe wake kwa mara ya kwanza, alijificha nyuma ya nguzo. Ilikuwa mwaka 2012, katika uwanja wa ndege wa Louisville. Yeye na Chimène walikuwa wameoana huku huku Marekani, mahari ikatumwa kwa simu hadi kambi ya Nakivale, Uganda, kwa hiyo mkwe na mama mkwe hawakuwahi kuonana. Sasa Mama Nzigire alitoka mlangoni, mwanamke mfupi wa kitenge cha kijani, mfuko mweupe wa karatasi za wakimbizi ukining'inia kifuani, na Byamungu, mtu mzima, akaona haya kama mtoto. Kwao Wabashi wa Kongo, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Garini alimkalisha nyuma, kisha akakigeuza kioo cha kati kielekee dirishani ili asikutane na macho yake.

"Chimène," Mama akasema walipoingia barabara kuu, "ambia bwana yako arudishe kile kioo. Nimeponyoka vita. Sitaki kufa juu ya heshima."

Chimène alicheka mpaka machozi yakamtoka. Byamungu alirudisha kioo, lakini nusu tu.

Hivyo ndivyo walivyoishi katika nyumba ya Shively, kiungani mwa Louisville. Byamungu alipanga maboksi katika ghala la South End. Mama alilea wajukuu na kulima maharage na mchicha wa lengalenga nyuma ya nyumba, mpaka majirani wakawa wanabisha hodi kuomba. Akiwa na neno kwa mkwe wake, aliuambia ukuta. "Kuna mtu amesahau koti, na nje ni baridi," alisema, na mtu huyo alirudi kuchukua koti. Byamungu, aliyeishia shule ya msingi na hakuwa na maneno mengi, aliona ukuta ule unamtosha.

Jumapili baada ya misa Mama alimpigia simu mdogo wake wa kike, Bulonza. Kambini walilala mkeka mmoja, lakini Bulonza alipelekwa Buffalo.

"Weye munene, umekula nini leo?" Mama alipaza sauti.

"Wivu itakuuwa, weye mukavu!" Bulonza alijibu, na nyumba nzima ilisikia.

Kiangazi cha 2015, Elisée, kitinda mimba wa Mama, aliwaita Ufaransa. Alikuwa fundi mwashi mjini Brive, akitengeneza kuta za zamani, na alitaka mama yake aone kazi yake. Wakaenda Mama, Chimène na Byamungu. Watoto wakabaki kwa jirani. Kila asubuhi Elisée aliwapakia garini, wakazunguka vijiji vilivyojengwa kabla babu wa babu zao hajazaliwa. Mama alipapasa kuta kama anayepima kitambaa.

"Nyumba ya miaka mia tano, na watu bado wanalala ndani," alisema. "Yetu ya kule Walungu haikumaliza hata miaka kumi. Bon. Hawa watu, vita iliwasahau?"

Siku ya tatu, kabla hawajaondoka, simu ya Byamungu ililia. Ni yake peke yake iliyokuwa na laini ya kufanya kazi huko. Alikuwa Gaël, mtoto mkubwa wa Mama, akipiga kutoka Columbus.

"Shemeji, sikia vizuri. Bulonza amelazwa, ni ile sukari yake. Donc, Mama asijue. Presha yake unaijua. Tutamwambia akirudi."

"Chimène je?"

"Chimène? Uso yake ni kama sahani, kila kitu kinaonekana juu. Ni weye tu. Weye Mama hakuangaliake usoni."

Byamungu akasema ndiyo. Kwa mkubwa wa ukweni mtu husema nini kingine?

Siku hiyo walikuwa Collonges, kijiji cha mawe mekundu. Mama aliketi chini ya paa la soko la zamani, karibu na tanuri la mkate, akimenya chungwa na kumtania Elisée kwamba hajaoa. Simu ikalia tena. Byamungu aliona jina, akaondoka hadi nyuma ya kanisa.

"Mukwe wetu," Bulonza alisema, pumzi ikikatika, "nipatie dada yangu."

Alisikia kicheko cha Mama kutoka sokoni. Hatua chache tu.

"Mama amelala."

"Amelala? Dada halalake muchana."

"Amechoka na safari."

 Kisha Bulonza akasema, "Aksanti, baba. Akiamka, mwambie nilimtafuta."

Byamungu alirudi sokoni. Mama aliliambia tanuri kwamba kuna mtu hajala chungwa, na akaweka vipande viwili pembeni ya jiwe. Akavila. Havikuwa na ladha yoyote.

Asubuhi iliyofuata Gaël alipiga tena: Bulonza amefariki. "Msiba hatuusemi njiani," alisema. "Mtu anaambiwa akiwa amekaa, watu wamemzunguka. Weye unajua."

Alijua. Hata kifo cha baba yake mwenyewe alifichwa hivyo, na hakuna aliyelaumiwa. Lakini kilichomtafuna hakikuwa kifo. Kilikuwa ile simu, na kicheko kilichosikika nyuma yake.

Siku hiyo wakaenda Rocamadour, mji ulioning'inia kwenye mwamba, wenye ngazi ndefu ambazo zamani mahujaji walizipanda kwa magoti. Mama aliposikia habari ya magoti alifunga kitenge vizuri.

"Mama, goti yako!" Chimène akalia.

"Goti ni yangu. Bulonza miguu inamuuma zaidi. Napanda kwa ajili yake."

Alipanda kwa miguu, na kila ngazi zilipopinda alipiga goti na kusali. Byamungu alitembea nyuma yake, tayari kumdaka. Mara mbili alifungua kinywa. Mara mbili akamwona Chimène anatabasamu, akakifunga. Juu, ndani ya kanisa dogo, walimkuta Bikira Maria mweusi, mdogo, amekaa.

"Ona," Mama akanong'ona, "ni wa kwetu." Alichukua mshumaa, kisha akaketi benchini kwa uchovu. "Chimène, ambia bwana yako aniwashie. Ni wa Bulonza, apone."

Byamungu akauwasha mshumaa wa kumwombea marehemu apone. Nta ilimchoma kidole, naye hakukiondoa.

Waliporudi Shively walikuta viti vimesukumwa ukutani na sebule imejaa majirani. Mama alisimama mlangoni, akawatazama mmoja mmoja. "Ni nani?" akauliza, na walipomwambia alikaa chini sakafuni.

Walisafiri kwa gari hadi Buffalo, wakimchukua Gaël Columbus. Usiku wa matanga, East Side, Généreuse, binti wa Bulonza, alimkumbatia Mama mkubwa wake akilia: "Alikutafuta, Mama! Alipiga, mutu akasema umelala."

 Gaël akainuka. "Mama, ni mimi niliyekataza. Usimuguse shemeji."

Mama aliendelea kumshika Généreuse. Byamungu alitazama viatu vyake.

Baada ya maziko Mama alisema atabaki Buffalo na Généreuse, na hakuna aliyembishia. Majira ya baridi yalipofika akamfuata mdogo wake kaburini, na hakuwahi kurudi Shively. Katika miezi hiyo aliongea na Chimène kila Jumapili. Byamungu hakuombwa kuja kwenye simu, naye hakuthubutu.

Kwa hiyo maneno ya mwisho Mama aliyomwambia ni yale ya asubuhi walipoagana Buffalo, Chimène akiwa tayari garini. Mama alitoka barazani, akasimama mbele ya mkwe wake, akamtazama moja kwa moja usoni. Macho yake yalikuwa ya kahawia hafifu. Byamungu hakuwa amejua.

"Waliokutuma ni watoto wangu, nitasemezana nao mwenyewe," alisema. "Lakini ile sauti Bulonza aliyonipigia nayo, weye ndiye uliipokea. Niambie, ilikuwa namna gani?"