Bwawa Upande wa Kushoto

Asubuhi ya mwisho iliyofanana na zingine, Rosebela na mumewe Shikanga walikunywa chai kando ya bwawa la kuogelea, wakitazama maji yakipungua. Wao walikuwa na bwawa. Majirani walikuwa na ng'ombe.

Bwawa lilijengwa na kifungua mimba wao, Cornelius, aliporudi kutoka Dubai na pesa na haraka. Hakuuliza mtu. Alipima upande wa kushoto wa nyumba, mahali ambapo kwa ukoo wao mama mwenye boma huzikwa, akachimba, akabandika vigae vya bluu, akaweka na ngazi ya kushukia. Wajukuu waliogelea Krismasi moja. Baadaye wakaogelea bata wa Rosebela, ambao hawakulalamika kwamba maji ni baridi.

Sasa sakafu ilikuwa imepasuka. Fundi Tyson alikuja, akapiga magoti, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya ndugu wa mgonjwa. Njia ni mbili, alisema: kuziba nyufa na kupaka rangi, au kubomoa yote na kujenga jipya. Cornelius, kwa simu kutoka Nairobi, alitaka jipya, tena kubwa zaidi. Mama yake akamwuliza kama atakuja kuogelea yeye. Akasema ni heshima ya boma.

"Heshima yenyewe inavuja, baba," Rosebela akamwambia.

Ndivyo alivyokuwa. Miaka yote aliuza omena soko la Khayega, na aliyenung'unika kwamba kipimo ni kidogo aliambiwa ziwa halijafungwa, aende akavue zake. Pasta akihubiri hadi jua la saa nane, alimshukuru kwa kuwafundisha maana ya milele. Shikanga naye akinyamaza sana, aliulizwa kama maneno anayaweka benki.

Asubuhi hiyo alimaliza chai, akaenda kupepeta maharagwe. Akaketi kidogo. Hakuinuka.

Cornelius alifika na gari na mpango. Mama azikwe upande ule mwingine, karibu na choo cha zamani, kwa sababu simiti ya bwawa imeshaletwa na fundi yuko tayari. Choo. Mwanamke aliyefagia boma lile tangu aolewe alale huko, bata wapate vigae vipya. Wazee wa ukoo waliinama wakatazama viatu vyao. Fahali wa matanga alinunuliwa na Cornelius, na hekima ya wazee siku hizo ilikuwa ikichemka sufuriani.

Shikanga hakubishana. Alichukua sululu, akashuka bwawani, akaanza kuvunja vigae. Kifua chake ni kibovu; alipiga kidogo, akakohoa sana, akapiga tena. Tyson akamtazama, akashuka, akampokea sululu. Sakafu ikaanza kufunguka, udongo mwekundu ukaonekana.

Cornelius alisimama ukingoni. "Baba, watu wanaona."

"Waone."

Kisha mzee akaketi palepale chini, akamwambia kwamba mama yake alikuwa ameshaamua atalala wapi, asubuhi ile ya mwisho, kikombe mkononi. Mama hakuwa na hasira. Alitazama lile bwawa, akacheka, akasema:

"Cornelius msimlaumu. Wenzangu wanateremshwa kwa kamba. Mimi mwanangu ameniwekea ngazi."