Pikipiki ya Kumfuata Mke Mwenzangu

Tangu tumzike mume wetu, mke mwenzangu anakaa Butiama kwa mtoto wake wa kiume. Mimi nakaa Kigera, Musoma, kwenye nyumba ya vyumba vitatu na redio moja. Nyumba ni nzuri, sebule ina vigae. Haina mtu wa kunijibu.

Nikamwambia mwenzangu njoo tukae wote, tumeshazeeka, na mwanaume wa kugombania hayupo. Kila nikienda ana sababu. Mara kuku wake wanaatamia, mara mihogo haijakauka. Siku moja akanichoka. "Mkubwa," akasema, "njoo unichukue na ile pikipiki yetu, hapo nitakuja."

Waliokuwepo wakacheka. Pikipiki yenyewe tuliiuza mwaka wa njaa, hao waliocheka walikuwa hawajazaliwa. Alikuwa anakataa kwa adabu, nililijua hilo. Lakini mimi niliishia darasa la nne, na nikipewa sharti nalishika kama lilivyo.

Ile pikipiki mume wetu aliinunua baada ya msimu mzuri wa pamba. Nyekundu, ya Kijapani, zile za zamani ambazo petroli yake lazima uichanganye na oili. Siku ya kwanza aliingia nayo kwenye zizi la ng'ombe. Akatoka anachechemea, akasema chombo hiki hakina heshima, akaiegesha ukutani. Nikaichukua mimi. Nilijifunza shambani, kati ya mistari ya pamba, nikianguka nanyanyuka.

Baadaye tukawa tunakwenda nayo Kisorya kununua dagaa na furu wakavu, tunarudi kuwauzia watu wa Mugeta, wenye ng'ombe wengi na hamu ya samaki. Mwenzangu alikaaga nyuma amekumbatia kapu. Na yeye ndiye alikuwaga anapiga kiki. Mimi ni mfupi, nikikaa juu ya kiti vidole vya miguu ndivyo vinagusa chini. Yeye mrefu kama mtama. Nashika breki, anasimama pembeni, anapandisha gauni, anapiga teke, inawaka, ndipo anapanda. Bila yeye sikutokaga nyumbani. Watu hawakuliona hilo. Walisema tu, mke mkubwa ana pikipiki.

Nikamweleza mjukuu wetu wa kike. Ametoka tumbo la binti wa mwenzangu, ila amelelewa mgongoni kwangu, na kwetu hilo halipimwi. Ni fundi pikipiki, ana gereji yake Musoma mjini, na wanaume wanapanga foleni wanamsubiri. Naringa naye na siombi radhi.

"Bibi, hizo zimekwisha," akasema. Lakini akaulizia kwa wateja wake mpaka akasikia kuna moja Mugeta, kwa mzee mmoja mkulima wa pamba. Tulipofika tuliikuta nyuma ya jiko, na kuku amelala kwenye kiti.

"Mama, hicho ni chuma chakavu," mzee akasema. "Unamnunulia nani?"

"Najinunulia."

Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwa. "Na kuku wangu atatagia wapi?"

"Kwani wewe huna kitanda?"

Mke wake alicheka mpaka akakaa chini. Tukamalizana kwa ndama.

Gereji, kazi yangu ilikuwa tenki. Ndani kutu tupu. Mjukuu akatia kokoto na petroli kidogo, akaziba mdomo, nikalipakata nikilitikisa kama kibuyu cha maziwa. Namwaga maji mekundu kama damu, natia tena, natikisa. Ringi za pistoni hazikupatikana Musoma wala Bunda, zikaletwa na basi kutoka Mwanza. Kiti kilishonwa upya. Rangi nilichagua mwenyewe, nikamrudisha fundi wa rangi mara mbili kwa sababu alileta wekundu wa nyanya, na mimi nataka wekundu wa maharage.

Kisha mjukuu akaniambia, "Bibi, goti lako hilo si la kupiga kiki. Ngoja nitafute namna ya kuifungia stata, uwe unabonyeza tu."

"Usifunge."

"Sasa nani atapiga kiki?"

"Aliyekuwaga anapiga."

Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye plagi yake.

Siku ya kwenda tulichanganya petroli na oili, mjukuu akaiwasha, akaendesha, mimi nyuma, moshi wa bluu unatufuata. Tukapindia Makutano. Karibu na nyumba ya mwenzangu nikamwambia shuka. Nikashika usukani mwenyewe, nikaingia uani na gia ya kwanza, nikasimama mbele yake anamenya mihogo. Nikazima. Nikafunga na koki ya petroli.

Akainuka. Akaizunguka.

"Siyo yenyewe."

"Siyo," nikasema. "Yenyewe tuliila ugali."

"Kiti cha ile kilikuwa kimechanika."

"Kisu unacho mkononi. Chana."

Hakucheka. "Umekuja kunionyesha?"

"Nimekuja kukuchukua. Ulisema."

"Mkubwa, nilikuwa natania."

"Mimi nimetoa ndama."

Kisha akasema, "Basi washa urudi, umeshaonekana."

"Siwezi. Goti limekufa, na stata haina."

Akamtazama mjukuu wetu, aliyekuwa amefika kwa miguu. Mjukuu akaanza kuangalia kuku.

Mwenzangu akafuta mikono kwenye kanga. Nikashika breki. Akasimama pembeni, akapandisha gauni, akapiga. Kimya. Akapiga tena, ikakohoa.

"Umefungua petroli?" akauliza.

Sikuwa nimefungua. Zamani pia nilisahauga, na alikuwaga ananiuliza hivyohivyo, kwa sauti hiyohiyo. Nikafungua. Akapiga, ikawaka, kuku wakatawanyika, ua mzima ukajaa moshi. Yeye hakusogea. Alisimama humohumo ndani ya moshi, halafu akageuka akaingia ndani ya nyumba.

Nikajua amemalizana na mimi. Injini inanguruma, petroli inaisha, nimekaa pale kama mzigo.

Akatoka amevaa gauni la kanisani, na kapu mkononi.

"Naja kwa muda mfupi tu," akasema. "Mihogo ikikauka narudi."

"Sawa."

"Na wewe hapo mbele toka. Mtoto aendeshe, mimi nikae katikati. Miaka yote nimeangalia mgongo wako. Leo uangalie wangu."

Tulikwenda watatu, mshikaki, askari atusamehe. Mgongo wake umekonda, mifupa niliihisi chini ya gauni. Kapu nilishika mimi.

Mihogo ilikauka. Mtoto wake aliileta ikiwa unga, tukaila. Asubuhi hii mwenzangu ameniambia nipunguze redio.