Kiti cha Juani

Nilipotaka kurudi kwenye ushonaji baada ya miaka ya kulea watoto, kosa langu la kwanza lilikuwa kukaa nyumbani nikisubiri wateja. Nilipigilia kibao mlangoni, FUNDI CHEREHANI, nikafuta mashine vumbi. Waliokuja ni kuku wa jirani.

"Mama watoto," mume wangu akasema, "hao nguo wamezaliwa nazo."

Mjini kwetu Katesh, kazi ilikuwa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Mtu ananunua kitambaa ndani, akitoka anaelekezwa kwa fundi. Zamani kiti cha mlangoni kilikuwa changu. Basi siku ya mnada nikapakia cherehani kwenye toroli, nikateremka.

Mama mwenye duka alinipa chai, akaniulizia watoto wote, kisha akasema, "Nafasi siyo yangu kugawa, dada. Waulize wenyewe."

Wenyewe walikuwa mafundi watatu, na kwenye kiti changu alikaa binti niliyemfundisha kutia uzi kwenye sindano.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, bila kuinuka.

"Marahaba." Nikasubiri anipishe. Hakunipisha.

"Tulisikia umeolewa na jiko," akasema mzee aliyeshona makoti, na wote wakacheka, nami nikacheka kwa kuwa ni kweli.

Nikawekwa mwisho kabisa, juani, na kazi wasiyoitaka: kupunguza suruali za mitumba. Mnada ulikuwa umejaa mitumba siku hizo, na kila suruali ilikuja na kiuno cha mtu aliyekula kutushinda. Mimi niliyeshona gauni za harusi! Ya kwanza niliipunguza hadi mwenye suruali akashindwa kukaa. Binti akaifumua, akanirudishia.

Roho haikutulia. Kila nikikanyaga mashine, macho yalikuwa kwenye njia ya nyumbani. Saa sita nikaanza kufunga vitu.

"Unaenda wapi, mwalimu?"

"Nina maharage jikoni."

"Hata mimi ninayo. Watu wa kijijini Getanuwas wakishauza mbuzi mnadani ndipo wananunua suruali. Wakija wasikukute, nitawaambia hupo. Na mnada ujao hawatauliza tena."

Nikakaa. Nilipunguza viuno hadi jua likainama, mguu mmoja mashineni, mwingine umeshaelekea nyumbani.

Nilikuta maharage yamekuwa mkaa, na mume wangu anakula ugali kwa chumvi.

"Umepata kiti?"

"Cha juani."

Kesho yake sufuria ya maharage nikampelekea jirani mwenye kuku anipikie, nikabeba mwavuli, nikateremka tena.