Amri Moja Ilivyofuta Sauti ya Mtangazaji

Saa mbili asubuhi, anapuliza vumbi kwenye kaseti, anaitia kwenye redio na kutega sikio. Ukanda unakwaruza, kisha sauti ya mwanamke inacheka. Mtunza maktaba wa kituo hiki cha redio anafumba macho.

"Ni yeye," anasema. "Hiki ni kipindi cha tisa tulichokipata."

Vilikuwa mia mbili na kumi na viwili: vipindi vya mtangazaji mmoja, sasa marehemu, vilivyohamishiwa kwenye kompyuta, kaseti zenyewe zikatupwa.

Mwezi wa tatu, mtunza maktaba huyu, dada wa miaka thelathini na mmoja, aliandika programu ndogo kwa Python, lugha ya kompyuta, ikate sekunde thelathini za kila kipindi ziwekwe mtandaoni. Aliipa pia swichi, neno la kuongeza kwenye amri, ya kufuta faili asilia, kwa siku ambayo diski ingejaa. Lakini siku alipoiendesha hakutaka kufuta. Akaandika --futa False, yaani usifute, akaenda kunywa chai.

Aliporudi, faili asilia hazikuwepo.

"Nilidhani nimeiambia hapana," anasema. "Kumbe nilivyoiandika, inaangalia tu kama baada ya swichi kuna neno. Neno lolote, hata la kukataa, kwake ni ndiyo."

Fundi mitambo, jirani yake wa meza, hakumhurumia. "Dada, hata mlevi ukimwambia hapana anaelewa!"

Nakala ya akiba ilikuwa kwenye diski ileile, folda ileile, nayo ikafutwa.

"Wanasema majuto ni mjukuu," anasema mtunza maktaba. "Wangu ameshaota ndevu."

Kinachomuuma zaidi ni mzee, mume wa marehemu, aliyekuwa akija kila Alhamisi kumsikiliza mkewe. Alimweleza ana kwa ana. Mzee akauliza swali moja.

"Mwanangu, zile nusu dakika zipo?"

"Zipo, baba."

"Basi niwekee."

Siku hizi swichi ile haipokei neno: ukiiandika inafuta, usipoiandika haigusi kitu. Naye anawatafuta wasikilizaji waliorekodi vipindi nyumbani.

Jumamosi atakwenda kwa fundi cherehani anayesemekana kuwa na sanduku zima la kaseti. Mzee ameng'ang'ania kufuatana naye.

"Baba, ni ghorofa ya nne, na lifti hakuna."

"Nitapumzika kila ghorofa. Kuna kipindi alinisema hewani, mtaa mzima ukasikia, nikamnunia wiki nzima. Hicho ndicho nakitaka."