Kompyuta ya Mapipa na Miguu Yangu

Jamani, mtanicheka, lakini ile kompyuta niliipenda. Miaka ile ya soko huria, kiwandani kwetu Dodoma bado tulikamua zabibu kwa miguu, ndipo tajiri akaleta programu inayojua kila pipa la mvinyo liko wapi na limefikia wapi kuiva. Dada Rehema, mtaalamu wake, alibonyeza tu, pipa likajitaja lenyewe! Akatuonya: viatu viachwe mlangoni mwa chumba cha kompyuta, na asiyeruhusiwa asiguse.

Siku ya zamu yangu ya kukanyaga zabibu, uzalendo ukanishinda. Wenzangu walipokwenda kula, nilinawa mikono kwa sabuni, nikavua kandambili kwa adabu, nikaingia. Nikabonyeza. Mapipa yote yakatoweka kwenye kioo! Nikatoka mbio.

Baadaye tukaitwa wote mle chumbani. Dada Rehema akayarudisha mapipa kufumba na kufumbua. Nusura nimpigie makofi.

“Nani aligusa?” tajiri akafoka.

“Watu wengine hawana heshima na mitambo,” nikadakia, huku nikionyesha mikono yangu safi.

Dada Rehema hakuitazama. Alikuwa akitazama zulia jeupe, na nyayo za zambarau kutoka mlangoni hadi kitini.

“Kaka,” akasema taratibu, “hebu inua mguu.”