Maisha ya Selipher Nanjala, Aliyekomea Langoni

Alizaliwa mwaka wa 1984 katika kijiji kimoja juu ya Kimilili, chini ya Mlima Elgon, mwaka ambao mvua ilikataa na watu wakachimba mizizi. Ndiyo sababu akaitwa Nanjala, mtoto wa wakati wa njaa. Mama yake, Hannah, alikuwa mtu wa Kanisa la Marafiki, watu wanaojua kukaa kimya mbele za Mungu mpaka neno lije lenyewe. Kwao, mtu akishazikwa, jamaa zake hukaa chini wakanyolewa nywele, na asiyenyolewa huhesabiwa kuwa hakuwa jamaa. Selipher angali msichana, jirani mmoja mjane alikufa bila mtoto wala ndugu, na siku ya kunyoa yule msichana akaenda akakaa peke yake mbele ya wembe. Shangazi zake walimvuta sikio hadi nyumbani wakitaka kujua yule mzee alikuwa nani wake. Alijibu kwamba hakukuwa na mwingine. Jibu hilo likumbukwe, maana maisha yake yote yalitoka humo.

Wito wake haukuja kwa ndoto wala kwa sauti kutoka juu. Ulikuja kwa njia inayowajia maelfu ya wanawake wetu: mume alifariki, shemeji wakagawana shamba bila kumwita, na wakala mmoja wa Nairobi, mwenye tai na maneno matamu, akamwahidi kazi ya hoteli. Hoteli hiyo haijaonekana mpaka leo. Mwaka wa 2016 alishushwa Jeddah, katika jumba moja la Al-Hamra karibu na bahari ambayo hakuruhusiwa kwenda kuitazama. Kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, alichukua pasipoti, madam akachukua simu, na chumba alichopewa kilikuwa cha kupigia pasi, pamoja na mwanamke mwingine aliyelala hapo kwa miaka mingi.

Mwanamke huyo alitoka Bali, nchi ya Indonesia, na jina lake lilikuwa Ketut. Nyumbani mle walimwita Siti, kwa kuwa aliyempeleka alimwandikisha kuwa Mwislamu ili apate kazi upesi, naye akanyamaza. Lakini kila alfajiri alipanda darini, juu ya paa bapa la jumba, na nyuma ya tangi la maji aliweka sadaka ya dini ya kwao: jani lililokunjwa, punje chache za wali na ua la bogenvilia. Selipher alipoliona mara ya kwanza alilikemea kwa jina la Yesu, akalifagia likaenda na takataka. Kesho yake likawepo lingine. Akafagia tena. Ketut alimwachia nusu ya mkate wake, kwa sababu siku hiyo madam alikuwa amemnyima Selipher chakula. Toka hapo Selipher aliendelea kufagia dari kama alivyoagizwa, ila ufagio wake ukaanza kulizunguka lile jani. Hakuliabudu, wala hakuacha sala zake. Alizunguka tu.

Mwaka wa 2018 Ketut alishikwa na homa na kifua kikakaza. Madam alitoa vidonge, akasema mafi mushkila, hakuna shida, na wageni wa mchana walipofika, mgonjwa akaamshwa kupeleka kahawa. Haya hayajasahaulika, na hayatasahaulika eti kwa kuwa mtu fulani amesali. Ketut alipojua kwamba hatapona alimwambia Selipher kwa kile Kiarabu chao cha jikoni kwamba kwao maiti huchomwa, na asiyechomwa hubaki akitangatanga. Kwamba huku watamzika kwa jina la Siti. Na kwamba mama yake hutengeneza sadaka za majani katika hekalu kubwa la Besakih, juu ya mlima wa moto unaoitwa Agung. "Nywele zangu zinatosha," alisema. "Mpe mama mkononi." Selipher akaahidi. Alizikata kwa mkasi wa jikoni, akazishonea ndani ya pindo la gauni lake. Walipokwisha kumchukua marehemu, alinyoa kichwa chake mwenyewe bafuni, kama inavyofanywa kwao kwa ndugu, akawa anakinyoa tena kila nywele zilipoota, hadi ahadi itimie.

Baadaye alihamishiwa Riyadh, kwa binti wa nyumba ile aliyeolewa mtaa wa Al-Naseem. Huko alipata kitu ambacho hakuwahi kukipata Jeddah: ruhusa ya Ijumaa. Wakenya wachache walikutana kwa siri katika chumba cha dereva mmoja, Ephraim, aliyekuwa akiwaongoza kwa sala, na mle ndani Selipher aliimba nyimbo za kwao, akala ugali, akaitwa dada. Rafiki yake mkubwa alikuwa Risper, aliyefanya kazi mtaa wa pili. Mtu ambaye hajafungiwa nyumba ya watu wiki nzima hawezi kuelewa ile Ijumaa ilikuwa nini. Ilikuwa ndiyo pumzi.

Basi mwaka wa 2019 familia ile ikaenda Bali kupumzika, ikamchukua Selipher kuangalia watoto. Yeye hakuwa ameomba. Alipoambiwa jina la mahali aliingia jikoni akalia. Siku moja kabla ya kurudi, madam wake mpya alitaka kupiga picha Besakih. Walikuta mlima umefunikwa na wingu zito, na mahekalu ya mawe meusi yamepanda ngazi kwa ngazi, yenye mapaa meusi yaliyorundikwa moja juu ya jingine, na lango refu lililopasuliwa katikati kama kwa panga. Mwongozaji wao, aliyezungumza Kiarabu, alieleza kwamba mlima ulipolipuka zamani, moto ulipita kando pasipo kuligusa hekalu. Selipher aliutazama akakumbuka Elgon, akatetemeka kwa baridi. Kila mgeni alifungwa kitambaa kiunoni. Kisha mwongozaji akataja masharti ya kupita langoni, na moja lilikuwa hili: mwenye kufiwa na mtu wa nyumbani mwake, ambaye maiti yake haijachomwa, asiingie.

Selipher alisimama. Alimwuliza mwongozaji habari za mama yake Ketut, mtengeneza sadaka mwenye binti aliyekwenda Uarabuni, na yule bwana akasema anamfahamu, yuko ndani, uani, anapanga sadaka. Madam na watoto walikuwa wamekwisha kupita, na kutoka huko madam aliita yalla, haya twende, asicheleweshe watu. Mwongozaji akaona kichwa kilichonyolewa akaelewa kuna jambo. Alimshauri kwa wema kabisa: "Wewe ni Mkristo wa Afrika, dada. Sheria hii haikuhusu. Sema hukufiwa, upite."

"Nimefiwa na dada yangu," Selipher akasema, "na hajachomwa."

Akakaa chini kwenye ngazi, nje. Kama yule mama asingetoka, nywele zingerudi Riyadh, na safari nyingine haingekuwepo. Hilo alilijua, na hakusogea. Mwongozaji aliingia kumwita, na muda ukapita, na ukungu ukashuka mpaka lango lenyewe likapotea. Kisha akatoka mwanamke mzee mwembamba, mwenye sinia la maua. Selipher alichana pindo la gauni kwa meno. Wote wanaoheshimu kumbukumbu yake husimulia yaliyofuata. Mama yule alizileta zile nywele puani, na baada ya mwaka mzima ndani ya nguo iliyofuliwa kwa sabuni za Waarabu zilikuwa zinanuka bado mafuta ya nazi ya kwao. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwombea mtoto aliye hai. Sasa na yeye alikuwa mfiwa. Aliweka sinia chini, kwa kuwa hakuwa na ruhusa tena ya kurudi ndani nalo, akafungua mshipi wake wa manjano wa hekaluni, akamfunga Selipher juu ya kile kitambaa cha wageni. Wakakaa pamoja ngazini, kimya, kama Marafiki. Madam aliporudi alipendezwa na sura yao akawapiga picha, akaiweka mtandaoni watu waione.

Picha ilifika Riyadh kabla yake. Ijumaa iliyofuata Selipher alikuta chumba kimejaa, na hakuna aliyempisha mahali pa kukaa. Ephraim alikuwa na simu mkononi. Walimkejeli kwanza: mmoja alimwuliza kama mungu wa volkano anajua Kiswahili, mwingine akataka abaki na viatu mlangoni asije akawaletea majini. Risper alijaribu kumtetea akaambiwa anyamaze. Mwishowe Ephraim, ambaye kusema kweli hakupenda kumpoteza, alitafuta njia nyepesi. "Dada Selipher, sema tu hukuingia. Sema, halas, yaishe, tuendelee na ibada."

Na ilikuwa kweli kwamba hakuingia. Neno moja lingemrudishia Ijumaa yake. Akasema, "Sikuingia. Lakini nilikuwa nimefiwa, ndiyo maana. Nisingekuwa na msiba ningeingia kumtafuta, hata kama ni mpaka ndani kabisa."

Walimtoa. Waliomtoa wako hai, wanaimba vizuri, na baadhi yao wamejenga nyumba kwao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumlaza mgonjwa kitandani pake. Selipher alipopigwa na bosi wake na kutoroka bila ikama, kibali cha kuishi nchini humo, alikwenda kusafisha vyoo vya mkahawa mmoja wa Al-Sulimaniyah, akapanga chumba na Risper, na humo wakaja wanawake waliotupwa: Wakenya, Waganda, Waislamu kwa Wakristo. Ulipokuja ugonjwa wa mwaka wa 2020 na ndege zikasimama, waliokufa walizikwa hukohuko. Kila aliyefia mikononi mwake, Selipher alimwuliza mapema jina lake la nyumbani, akamkata nywele, akazituma na msafiri wa kwanza aliyeaminika. Kisha alinyoa kichwa chake upya. Yako makaburi Kisii, Busia na Mbale yaliyochimbwa kwa ajili ya shungi la nywele tu, na akina mama wanaolala sasa, ambao walikuwa hawalali.

Alifariki mwaka wa 2022, kwa shinikizo la damu ambalo hakuna hospitali iliyolipokea bila karatasi. Mwili ulikaa miezi mingi mochari, kafili akikataa kutia saini, ukazikwa kwenye mchanga wa Riyadh. Ushirika wa Ijumaa ulipelekewa habari; ulisema utaliweka jambo hilo katika maombi. Siku ya kifo Risper alikuwa amekuja na mkasi, ili amfanyie alivyowafanyia wengine, akakuta kichwa kitupu. Selipher alikuwa amenyoa wiki ileile, kwa ajili ya msichana wa Busia. Hakikubaki hata unywele mmoja wa kumpelekea mama yake.

Risper alichukua mshipi wa manjano. Kule Kimilili wazee wa kanisa waliushika kwa ncha za vidole, wakauliza ni nguo ya dini gani. Mama yake, Hannah, aliutoa mikononi mwao, akauweka kwa mkono wake katika kaburi tupu lililochimbwa kwa ajili ya Selipher, udongo ukarudishwa. Kisha akakaa chini akanyolewa, na Risper, Mluo wa Homa Bay asiye na tone la damu yao, akakaa nyuma yake kungoja zamu.

Hakuna askofu aliyemtangaza mtakatifu, na asisubiriwe. Anayetaka kumheshimu asiweke picha yake ukutani. Aokote ufagio, na akifika penye sadaka ya mwenzake, azunguke. Na siku atakapoulizwa langoni yule aliyekufa alikuwa nani wake, asitafute njia ya kupita.