Alama Nne za Pipa la Kavindu

Watu wa mtaa wa Ngoingwa wakikuambia kwamba Mama Lynn ana ulimi, usidhani wanamsengenya. Rachael, maana hilo ndilo jina lake, ameonja kahawa miaka ishirini na sita katika kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa mjini Thika. Huchota kijiko, akafyonza kwa kelele kama mtu aliyeungua na uji, akazungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo. Kisha hukutajia kahawa imetoka upande gani, na kama mwenyewe alichelewa kuianika. Wanunuzi, wanaume wazima wenye matumbo yao, hungoja aandike alama ndipo nao waandike zao. Ukimuuliza alijifunzia wapi kuonja, atakuambia alipelekwa kozi na kampuni. Kozi alienda kweli, siku tano, lakini alipofika huko ulimi wake ulikuwa umeshasoma zamani.

Jumanne moja asubuhi aliitwa Gatongora, upande wa Ruiru. Jared, ambaye zamani alikuwa mnunuzi wa kahawa, amefungua huko kiwanda kidogo cha bia, na alitaka ulimi wa kuaminika. Rachael alisita, kwa sababu yeye ni mama wa kanisa na kitambaa cha chama cha akina mama hukivaa kila Jumapili. Mwishowe alijiambia kwamba kuonja si kunywa. Mtu akitaka kwenda mahali hakosi sababu.

Bia yenyewe ilikuwa ya shayiri, kali, asilimia kumi na moja. Wenyewe huiita mvinyo wa shayiri ingawa haina zabibu hata moja. Aliyeipika ni Kavindu, msichana wa Matuu mwenye miaka ishirini na tisa, mpole, mikono imechubuka kwa kusugua mitungi. Alikuwa ameilaza kwenye pipa la mbao miezi minane, pamoja na asali ya mizinga ya baba yake na vipande vya lile tunda kavu la kutengenezea muratina, pombe ya kienyeji ya asali. Masharti ya Jared yalikuwa mafupi. Wastani ukifika saba kwa kumi, bia itiwe chupani na Kavindu apewe mapipa mengine matatu. Usipofika tano, imwagwe, pipa lirudi kwa bia ya kawaida, na Kavindu arudi kuosha mitungi.

Waonjaji walikuwa watatu: Rachael, Jared mwenyewe, na Njau, mwenye hoteli Thika, mtu wa mzaha asiyejua kunyamaza. Rachael alifyonza kwa kelele zake, akazungusha, akatema.

"Mama Lynn, hii si kahawa," Njau akacheka. "Utatema pesa za watu."

"Pole, Mama Lynn," Kavindu akasema taratibu. "Bia lazima umeze kidogo. Uchungu wake unaonekana huku nyuma kwa koo."

Rachael akameza.

Kwanza ilikuja sukari guru. Halafu ganda la mkate lililokaribia kuungua, halafu tende. Ukali ulipanda polepole, wala haukuchoma. Na nyuma kabisa, pale Kavindu aliposema, ilikuja asali iliyochachuka na moshi wa lile tunda. Kwa Rachael, hiyo ilikuwa nyumba ya mama yake.

Mama yake, Mumbi, alikuwa akipika muratina Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika, kwenye chumba kimoja cha mabati, bila leseni, ili watoto wanne wale na wasome. Rachael ndiye aliyekuwa akionja. Alikuwa na miaka tisa mama alipoanza kumchovyea kidole. "Weka kwa ulimi, usimeze, tema, sema," alimwambia kila mara. Naye alisema pombe itaiva lini: bado, kesho, leo jioni. Hakukosea hata siku moja, na walevi wa Kiandutu walikuwa wakimwita mwalimu. Hiyo ndiyo kozi yenyewe.

Lakini kazini hakuna anayejua hayo, na kanisani ndiyo kabisa. Mumbi alipofariki miaka sita iliyopita, Rachael ndiye aliyeandika wasifu wa marehemu katika kile kijitabu cha mazishi. Akaandika kwamba marehemu alikuwa fundi wa kushona nguo. Wazee wachache wa Kiandutu waliokuja kumzika rafiki yao wa moyo, ama niseme muuzaji wao, walisoma pale, wakatazamana, wakakunja kijitabu wakatia mfukoni. Mumbi hakuwa na cherehani maishani mwake.

Basi Rachael alishika kalamu. Bia ile ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote kilichopita mdomoni mwake mwaka ule. Mkono ulikuwa umeshaanza kuchora kichwa cha tisa, Njau alipoweka glasi chini akapiga meza.

"Ngai! Hii si ndio ile ya wamama wa Kiandutu? Ile ya kunywa ukiangalia dirisha, chifu asikupate." Jared akacheka. Hata Kavindu alitabasamu. "Mama Lynn, wewe ni mtu wa Thika kabisa. Si unaijua hii harufu?"

Lilikuwa swali la mzaha tu, na angeweza kucheka likapita. Njau mwenyewe alikuwa ameipenda bia ile, glasi yake ilikuwa tupu. Lakini mwenye kidonda hukunja uso kabla hajaguswa. Rachael alisikia uso unawaka.

"Mimi? Nitaijulia wapi?" alisema, na sauti yake ikatoka kavu. "Hizo ni pombe za mitaroni."

Akaandika nne.

Jared alichungulia ile nne, akaitazama glasi yake tena, akaonja tena, safari hii uso umekunjamana. Akaandika nne na yeye. Njau, aliyekuwa ameandika nane, aliikata kwa kalamu akaandika tano. Ndivyo ilivyo desturi ya meza ya waonjaji: mkubwa akishasema, wadogo wanagundua kwamba walikuwa wamesikia vilevile.

"Shida iko wapi, Mama Lynn?" Kavindu aliuliza. Alikuwa na daftari, tayari kuandika. "Niambie ndio nisirudie."

Ulimi hauna mfupa. "Kuna siki," Rachael akasema. "Kwa umbali, lakini iko. Pipa limeingiwa na hewa."

Kavindu akaandika. "Asante sana," akasema, na alikuwa akimaanisha.

Jumatano, kazini, Rachael alionja kahawa arubaini na hakupata ladha ya hata moja. Wanunuzi walingoja alama zake, naye akaziandika kwa mazoea, wakanakili kama watoto wa shule, na kwa mara ya kwanza jambo hilo likamchukiza. Aliwaza: nikiandika kwamba hii ni mawe, watasema ni mawe. Aliona haya kwa ajili ya msichana yule. Aliona haya zaidi kwa ajili ya mama yake, aliyemkana kwenye karatasi akiwa amekufa na sasa akamwita wa mitaroni mbele ya watu. Jioni hiyo alichukua simu ampigie Jared, akaiweka. Alhamisi akaichukua tena, akaiweka tena. Angeanzaje kusema? Akisema bia ni nzuri, ataulizwa kwa nini alisema ni mbaya.

Ijumaa aliomba ruhusa, akapanda boda boda mpaka mjini, akaelekea Ruiru. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri. Atasema alikuwa na mafua siku ile, kwa hivyo bia ionjwe upya. Unaona? Hata akienda kutubu alikuwa amebeba uongo mwingine kwenye mkoba.

Alimkuta Kavindu uani, amepiga magoti akiwa na mabuti ya plastiki, anasugua pipa kwa burashi. Sakafu yote ilikuwa imelowa maji ya rangi ya kahawia, na harufu ya asali ilikuwa imejaa pale mpaka nyuki walikuwa wamefika. Lile la mafua likamwishia mdomoni.

"Umeshamwaga," alisema.

"Saa mbili asubuhi. Jared alikuwa anataka pipa."

"Kavindu, hakukuwa na siki."

Msichana alifunga maji. Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayedhani anafarijiwa. "Ilikuwepo, Mama Lynn. Mlipoenda Jumanne nilionja, sikuisikia. Jumatano sikuisikia. Nikajiambia ulimi wangu bado ni wa ushamba, wacha nijifunze. Jana ndio nikaipata, wazi kabisa. Nikashangaa vile sikuwa naiona."

Rachael alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Akakaa juu ya kreti, na mkoba wake wa kanisani ukagusa maji. Akasema yote: Kiandutu, kidole, muratina, cherehani ambayo haikuwepo. Kavindu alisikiliza bila kuweka burashi chini.

"Ulikuwa unataka kuipatia ngapi?"

"Tisa."

Kavindu hakupaza sauti. "Ungeniambia unaumwa na kichwa, uende. Hata ungeacha karatasi bila kitu," alisema. "Sasa nikipika ingine, nitaamini ulimi wa nani?"

Nyuki mmoja alitua ukingoni mwa pipa, akatembea, akaingia ndani.

"Na huyo mama yako," Kavindu akasema mwishowe, "alijua unamwonea haya?"

"Alijua." Rachael alifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa darasa la saba. Askari wa chifu walimshika, wakambebesha mtungi wake kwa kichwa, ndio uwe ushahidi, wakampitisha katikati ya soko. Mimi nilikuwa natoka shule na rafiki yangu. Rafiki yangu akasema, huyo mama mmefanana. Nikasema simjui. Na alikuwa karibu, hapo tu kwa hilo pipa. Alinisikia." Akauinua mkoba wake majini. "Akageuza uso akaangalia ule upande mwingine, na ule mtungi wote kichwani, ndio rafiki yangu asione vile tumefanana."